Nimekosea Mtu

Vilimaina alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira pale chuoni Suva, Fiji, hakuna aliyefurahi kumshinda shangazi yake Makelesi. Alipika kuku mzima siku ambayo haikuwa Jumapili, akaita majirani wa pande zote mbili, akamkalisha binti wa kaka yake kwenye mkeka upande wa juu, mahali wanapokalishwa wageni.

"Kula, mwenyekiti," alisema. "Kesho ukiwa waziri utasema hapa hukulishwa."

"Waziri wa majalala!" alidakia Lanieta, binti wa Makelesi. "Wifi yangu amesoma miaka mitatu ili awe mkubwa wa mapipa. Baba yako kule Kadavu anajua?"

Watu wakacheka. Kwetu mtoto wa shangazi yako ni wifi yako, na mawifi wasipotaniana watu huuliza kuna ugomvi gani. Lanieta, ambaye alikuwa akisuka nywele katika saluni moja mjini, alikuwa na ulimi uliomtosha yeye na ukoo mzima. Asubuhi Vilimaina alikuwa hatoki nyumbani kabla hajapigwa mafumbo mawili matatu, naye alikuwa hatoki bila kuyajibu.

Alikuwa ameishi katika nyumba ile ya mtaa wa Nabua tangu mwaka wa kwanza. Baba yake, Isimeli, alikuwa mkulima wa magimbi na yaqona, mzizi wa kinywaji cha heshima, kisiwani Kadavu, na alipoletewa habari kwamba binti yake amepata nafasi chuoni hakuuliza atalala wapi. Dada yake alikuwa Suva, swali limekwisha. Makelesi naye hakuuliza atamlisha nini. Alikuwa na sufuria zake. Kila asubuhi alipika samaki kwa tui la nazi, majani ya magimbi na muhogo wa kuchemsha, akavipakia kwenye teksi ya jirani na kwenda kuviuza mchana katika banda la bati lililokuwa nyuma ya karakana za uhandisi, ndani ya chuo kilekile alichosoma Vilimaina.

Nyumbani kila mtu alilijua hilo. Chuoni hakuna aliyelijua.

Hakuna siku ambayo Vilimaina alikaa akaamua kulificha. Lilianza dogo tu. Wiki ya kwanza wenzake walikuwa wakitajiana kazi za wazazi, mmoja baba yake wakili, mwingine mama yake yuko ubalozini, zamu yake ilipofika akasema shangazi yangu ana biashara ya chakula, na msichana mmoja akasema, "Oo, mgahawa?" naye akanyamaza. Kunyamaza kule kukawa mgahawa. Baada ya hapo ilibidi apite njia ya bustani badala ya njia ya karakana. Mara moja moja alijikuta mbele ya banda la shangazi yake akiwa na rafiki zake, na Makelesi, aliyekuwa mwanamke wa sauti kubwa, siku hizo alikuwa kila mara anainamia sufuria au anamtafuta mtu nyuma ya banda. Vilimaina alishukuru kimoyomoyo kwamba shangazi hakumwona.

Kazi ya kamati aliifanya vizuri, hilo lisemwe. Hakuwa mtu wa kupiga picha na kuondoka. Ni yeye aliyewasumbua wakubwa mpaka paneli za sola zikafungwa juu ya maktaba. Ni yeye aliyezivuta takataka za jiko la mabweni kwa toroli kwenda kwenye shimo la mboji, huku wenzake wakiziba pua. Na lile suala la maboksi meupe ya povu, ambayo kila mwuza chakula mjini aliyatumia kabla serikali haijayapiga marufuku, alikuwa na haki nalo kabisa. Mvua ya Suva unaijua ilivyo. Ilikuwa ikinyesha, mitaro ya chuo inayazoa maboksi yale kama mashua, yanakwenda kunasa kwenye mikoko ya ghuba, na humo yanamenyeka vipande vidogo kama punje za wali, ambavyo hakuna mkono unaoweza kuviokota. Vilimaina alikuwa ameingia kwenye matope yale mpaka mapajani. Aliyachukia maboksi yale kwa dhati.

Kwa hiyo kamati ilipokaa kuyajadili, Praneel, katibu wake, kijana mpole mwenye miwani, aliuliza swali lililo wazi.

"Maboksi mengi yanatoka kwa wale kina mama wa bandani. Tunaanza kampeni bila kuwaambia? Nani atakwenda kuzungumza nao?"

"Niachieni mimi," Vilimaina alisema upesi.

"Una uhakika? Wale mama wakali. Mimi nilidai chenji yangu nikaitwa nzi."

"Nimesema niachieni mimi, Praneel."

Hakwenda. Nyumbani alijiambia atalisema wakati wa chakula, halafu akajiambia atalisema shangazi akiwa amepumzika, na Makelesi hakuwa mtu wa kupumzika. Kulisema nyumbani kungemaanisha kulishughulikia chuoni: kuwatafutia sahani, maji ya kuoshea, kusimama pale bandani mchana kweupe akiongea na mama mwenye aproni ambaye angemwita mwanangu. Wiki zikapita. Wenzake walipomwuliza, alisema wamekataa.

Ndipo zikaja habari za tuzo. Vyuo vya Pasifiki vilikuwa vinashindanishwa kwa utunzaji wa mazingira, na chuo chao kilikuwa kimeingia katika vitatu vya mwisho. Wakaguzi wangekuja kuona kwa macho yao. Kamati iliamua kuwafanyia jambo ambalo hawangelisahau: waliokota maboksi yote kutoka mitaroni na kwenye mikoko, wakayarundika mbele ya maktaba, rundo refu kuliko mtu, jeupe, linalonuka samaki waliooza. Vilimaina angesimama mbele yake na kuhutubia.

Asubuhi ile aliondoka nyumbani bila kula. Shangazi yake alimwita kutoka jikoni, yeye akajibu tayari yuko barabarani.

Wakaguzi walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa mzee wa Rarotonga, Bwana Teariki, mtu mrefu aliyevaa shada la maua shingoni na kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mkuu wa chuo alikuwepo. Wanafunzi walijaa ngazi za maktaba. Vilimaina alianza taratibu, lakini alipofika kwenye mikoko sauti yake ikakaza.

"Haya hayakuletwa na bahari," alisema, akinyoosha mkono kwenye rundo. "Yametoka hapahapa. Yanatolewa na watu wanaoingia humu kila siku, wanachukua chao, wanaondoka, hawajali wanaacha nini. Tumewasihi. Hawataki kusikia."

Watu walipiga makofi. Na makofi yalipokuwa yakipungua, Makelesi akatokea pembeni mwa ngazi.

Alikuwa amevaa aproni yake ya maua na kofia ya majani. Alikuwa amepenya katikati ya wanafunzi akisema samahani, samahani, na mikononi ameshika boksi jeupe la povu lililofunikwa kitambaa, akilibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto. Alikuwa hajasikia hotuba. Alichosikia ni makofi, akadhani mtoto amemaliza kuongea, na alijua mtoto hajala.

"Vili," alisema kwa sauti ya chini. "Shika, kabla hujaanguka."

Wanafunzi wa mbele waliliona boksi. Mmoja akacheka, kisha wengi wakacheka. Mtu akapaza sauti nyuma, "Ongeza kwenye rundo!" Mkuu wa chuo akageuza uso upande.

Bwana Teariki hakucheka. Alimwangalia mwanamke, akamwangalia msichana, akauliza kwa upole kabisa, "Mnafahamiana?"

Alikuwa na nafasi ya kujibu. Tusiseme hakuwa nayo. Mzee alingoja.

"Hapana," alisema Vilimaina. "Ni mmoja wa wauzaji."

Makelesi alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Uso wake haukubadilika. Aliinamisha kichwa mbele ya mgeni, kama inavyompasa mtu aliyeingilia shughuli ya wakubwa, akasema, "Mniwie radhi. Nimekosea mtu." Akageuka na boksi lake. Askari wa chuo alimshika kiwiko kumwonyesha njia, ingawa njia alikuwa anaijua, na wale wanafunzi waliokuwa wamecheka wakampisha.

Vilimaina alimalizia hotuba. Baadaye hakukumbuka hata neno moja la sehemu ile ya mwisho.

Jioni alizunguka mjini mpaka miguu ikauma, kwa sababu alihofia kufika nyumbani. Alipofika, taa ya jikoni ilikuwa inawaka kama kawaida na Makelesi alikuwa anamenya muhogo wa kesho.

"Umekula?" aliuliza shangazi.

"Bado."

"Kuna supu. Pasha moto."

Hakuna zaidi. Vilimaina alisimama mlangoni akingoja. Alikuwa amejiandaa kwa makofi, kwa kilio, kwa jina la baba yake kutajwa. Shangazi aliendelea kumenya. Mumewe, Waisake, fundi wa matairi ambaye siku zote alikuwa mchache wa maneno, alikuwa anasikiliza raga kwenye redio. Hata yeye hakuonekana kujua lolote. Makelesi hakuwa amemwambia mtu.

Lakini jambo lililoonwa na watu mia hujisimulia lenyewe. Sashi, mama wa Kihindi aliyeuza chapati za roti kwenye meza ya pili bandani, alikwenda saluni siku iliyofuata, akamkuta Lanieta.

Vilimaina alilitambua hilo jioni, alipoingia sebuleni. Alisubiri fumbo lake. Lanieta aliinuka kwenye kiti.

"Karibu, Vilimaina," alisema. "Kaa hapa. Nikuletee chai?"

"Wewe wifi umeanza lini adabu?" Vilimaina alijaribu kucheka. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Unatumia sukari?"

Alimletea chai kwenye kikombe chenye kisahani, kikombe cha wageni, akamwekea mezani, akaomba ruhusa kupita mbele yake. Vilimaina alikaa mbele ya ile chai. Angetukanwa angepata pa kushika. Wifi yako akikuheshimu amekutoa ukooni, na hakuna jibu la kumjibu.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Asante, Vilimaina. Samahani, Vilimaina. Makelesi aliendelea kumuuliza kama amekula.

Chuo kikashinda tuzo. Jina la Vilimaina likasomwa, picha yake mbele ya rundo ikabandikwa kwenye mbao zote za matangazo. Na kwa kuwa wakaguzi waliona kwa macho yao boksi likibebwa katikati ya hadhara, mkuu wa chuo alitaka tatizo limalizwe kabla ya sherehe. Askari walikwenda bandani wakawaambia kina mama wamalize mchana huo, kesho wasirudi. Wakalifunga kwa mnyororo. Makelesi alirudi nyumbani mapema akiwa na sufuria zake zote, hata ile kubwa aliyokuwa akiiacha kule. Alizisugua kwa majivu uani, moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya ukuta zikauke, na zilipokauka hakujua azipeleke wapi. Alisimama tu akiziangalia.

Vilimaina alimwona kupitia dirisha. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akampigia simu baba yake.

Mtandao wa kisiwani ulikuwa unakatika. Alilisimulia jambo lile vipande vipande, mara nyingine akilazimika kulirudia kwa sauti kubwa, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu ya kwanza, kulipigia kelele neno lile: nilisema simjui. Baba, nilisema simjui!

Simu ikakwaruza kama imekatika.

"Baba?"

"Nimesikia. Alikuwa amebeba nini?"

"Chakula."

"Chakula cha nani?"

"Changu."

Akasikia pumzi ya baba yake. "Nakuja na meli," alisema.

Sasa hapa lazima jambo moja lieleweke. Kwetu, kaka na dada wakishakua hawasemezani ana kwa ana. Hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, wakiwa na neno wanalipitisha kwa mtu wa tatu. Si uadui; hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Isimeli alikuwa hajamsemesha dada yake tangu wakiwa watoto wanaooga mtoni. Alimpenda kwa magimbi, yaani kila meli ilikuja na gunia la magimbi lenye jina la Makelesi, naye Makelesi alimpenda kwa kumlea binti yake. Ndivyo walivyozungumza maisha yao yote.

Alishuka bandarini akiwa amevaa sulu, kikoi chake cha kanisani, mzizi wa yaqona umefungwa kwenye gazeti, na ndani ya kikapu, chini ya nguo, jino la nyangumi lililokuwa la baba yake. Vilimaina alipoliona alijua: kwetu hakuna kitu kikubwa kuliko hicho cha kuombea msamaha au posa. Lile jino lilikuwa limewekwa kwa ajili ya posa ya kaka yake mkubwa.

"Baba, si hilo."

"Ulitaka nije na nini, biskuti?" alisema Isimeli. Hilo ndilo neno kali pekee alilomwambia.

Waliingia kwa mlango wa chini, kama wanavyoingia wenye kosa. Waisake alikuwa ameketi upande wa juu wa mkeka, Makelesi nyuma yake kidogo, macho chini, Lanieta pembeni. Isimeli, mkubwa wa nyumba yake, mzee wa kanisa, mtu ambaye kijijini vijana walishuka njiani kumpisha, aliingia akitambaa kwa magoti. Vilimaina alitambaa nyuma yake. Aliziona nyayo za baba yake, zilizopasuka visigino, na akatamani sakafu immeze.

Isimeli alilishika jino kwa mikono miwili na kuongea na Waisake, kama desturi inavyotaka, lakini kila mtu alijua anaongea na nani.

"Nimekuja na kitu kidogo," alisema. "Hakilingani na kosa. Kuna mtoto aliletwa katika nyumba hii akiwa na nguo mbili. Akalishwa. Akavishwa. Akakaa katika joto la nyumba hii. Siku aliyoulizwa mbele za watu kama anaijua nyumba hii, alisema haijui. Mtoto huyo ni wangu. Kama kuna kitu hakufundishwa, ni mimi sikumfundisha. Aibu hii isitafutwe kwingine. Iko hapa. Nawaomba..."

Hakuweza kuendelea. Alibaki ameinamisha kichwa, mikono imenyooshwa, na mabega ya mzee yule yakaanza kutetemeka.

Waisake alipaswa kulipokea mara moja. Lakini kabla hajanyoosha mkono, sauti ilitoka nyuma yake.

"Kaka," alisema Makelesi. "Basi. Inuka."

Chumba kizima kilishtuka. Hata Lanieta aliinua uso. Isimeli alikuwa hajaitwa na sauti ile tangu utotoni. Alitazama juu bila kujizuia, na kaka na dada wakaonana uso kwa uso, wote wawili wamelowa machozi, kisha wakaangusha macho upesi kama watoto waliokamatwa. Waisake akalipokea jino, akalibusu, akasema maneno yanayosemwa, kwamba kosa limezikwa, kwamba halitafukuliwa. Watu wakapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa. Vilimaina akafunika uso kwa mikono yote miwili. Ile heshima baina ya wawili wale, iliyokuwa imedumu miaka yote hiyo, ilivunjika kwa ajili yake, na hakuna jino la kuilipia.

Wakati yaqona inapondwa, Lanieta alimsogelea na bakuli la maji.

"Nawa uso," alimnong'oneza. "Unatisha. Mama amekusamehe, lakini kwa pua hiyo sijui kama Mungu ataweza."

Vilimaina akalia upya.

Siku iliyofuata aliitisha kamati. Walikuwa wanapanga nani asafiri kwenda Apia kupokea tuzo. Aliwaambia yeye haendi, na kabla hawajauliza akawaeleza kwa nini, akiwa amesimama, kwa sababu aliogopa akikaa angelipunguza. Aliwaambia yule mama ni nani. Aliwaambia pia kwamba hakuwahi kwenda bandani. Kina mama hawakukataa kitu, hawakuulizwa.

"Ulituambia wamekataa," alisema msichana mmoja.

"Niliwadanganya."

"Kwa hiyo tumewafukuzisha watu kwa uwongo wako."

"Ndiyo."

Hakuna aliyemtetea, wala hakutaka. Walitoka mmoja mmoja bila kumwangalia. Praneel alibaki akifuta miwani yake kwa pindo la shati, akaifuta mno.

"Mama yangu anauza mboga soko la Nausori," alisema hatimaye. "Hakuna anayejua hapa. Siku ile boksi lilipotokea, na mimi nilicheka." Akaivaa miwani. "Sasa tufanye nini?"

Walifanya walichopaswa kukifanya mwanzo. Walikwenda kwa Sashi nyumbani kwake, na Sashi akawatukana kwa Kihindi na kwa Kifiji kabla hajawapa viti. Walimsumbua mkuu wa chuo. Alisema mambo haya yalikwishaamuliwa. Wakarudi tena, naye akachoka. Bomba la maji likavutwa mpaka bandani, sahani za chuma zikapatikana kutoka jiko la bweni lililofungwa, na ikakubaliwa kwamba wanafunzi wataziosha kwa zamu. Mnyororo ukaondolewa. Vilimaina alijiuzulu uenyekiti lakini hakuikimbia zamu ya kuosha. Wapo waliokuja kula kwa ajili ya kumwona tu. "Dada, huyu mama unamjua?" waliuliza, wakimnyooshea Sashi kidole, na kucheka. Alisugua sahani akawaacha wacheke.

Meza ya Makelesi ilibaki wazi. Vilimaina alimwomba arudi, Sashi akamtumia salamu, Praneel akaja mpaka nyumbani na sanduku la mananasi. Makelesi aliyapokea mananasi.

"Nimesamehe," alisema. "Kurudi ni jambo jingine, mwanangu. Miguu haitaki." Alikuwa amepata kazi ya kupika katika shule ya chekechea karibu na kanisa, watoto wadogo, alisema, wanaokula vizuri na kulala.

Jumamosi moja karibu na mwisho wa mwaka, wawili hao walikuwa uani wakikuna nazi. Mvua ilikuwa imepita. Vilimaina alikuwa amelibeba swali lake kwa miezi, na kwa kuwa shangazi alikuwa amempa mgongo, akalitoa.

"Shangazi, siku ile. Uliwezaje kujibu haraka vile? Mimi hata sikujua nimesema nini, na wewe ulikuwa umeshasema umekosea mtu."

Mbuzi ya Makelesi iliendelea kukwaruza. Alimaliza kifuu chake, akakiangalia ndani kama kimebaki cheupe.

"Nilikuwa nalo," alisema.

"Ulikuwa na nini?"

"Hilo jibu. Tangu mwaka wako wa kwanza. Nilikuona unavyopita njia ya bustani. Nikajiambia, siku moja tutagongana pabaya na mtoto atakosa la kusema, kwa hiyo mimi niwe nalo. Nilijaribu mengi. Hilo ndilo lilikuwa fupi." Alichukua nazi nyingine, akaigonga kwa kisu, maji yakamwagika kwenye bakuli. "Nilidhani nikiwa nimeliandaa halitaniuma."

Vilimaina alishika nusu ya nazi aliyokabidhiwa, akainama juu ya mbuzi, akakuna. Sebuleni Waisake aliongeza sauti ya redio.

"Usikune mpaka kwenye gamba," alisema Makelesi bila kugeuka. "Tui litakuwa jeusi."